Woga au Mapendo? Somo kwa Wakatekumeni



Siku mtakapofika mlangoni mwa kanisa kuomba Ubatizo, Padri atawauliza mnaomba nini kwa Eklezya ya Mungu. Mtajibu kwamba mnaomba imani, kama mlivyofundishwa. Lakini Mungu aonaye mioyo huuliza swali jingine, na hilo hulijibu kila mtu peke yake: Waomba kwa sababu gani?

Mmoja husema moyoni: Naogopa moto wa milele. Mwingine: Naogopa wachawi, nami nimesikia kwamba maji ya Ubatizo yana nguvu kuwashinda. Mwingine: Naogopa baba yangu, ndiye aliyenituma kwa katekista. Na yuko asemaye kwa sauti ndogo: Nimesikia habari za Yezu Kristu, jinsi alivyonipenda, nami nataka kumpenda.

Hao wote huketi kwenye ubao mmoja, husali sala zile zile, hujibu maswali yale yale. Kwa macho hatuwezi kuwatofautisha. Lakini siku ya taabu hutofautishwa upesi. Basi leo tujifunze tofauti hiyo, ili taabu ikija isitukute bila kujiandaa.

I. Woga hubadili bwana

Tumfikirie mtu mmoja aliyeingia katika mafundisho kwa sababu ya kuogopa moto wa milele tu. Amejifunza Amri 10 za Mungu, azijua zote kwa moyo. Ajua kwamba Amri ya kwanza yamkataza kwenda kwa mfumu na kuvaa hirizi. Usiku mmoja mtoto wake ashikwa na homa kali. Mjomba wake aja mbio, amwambia: «Mtoto huyu amerogwa. Wamngoja Padri wako hata afe? Inuka, twende kwa mfumu.»

Sasa mtu huyu ana woga wa namna mbili. Moto wa milele ni wa baadaye, wala hauonekani. Kifo cha mtoto ki karibu, chaonekana kitandani. Woga hutii kitu kilicho karibu. Basi mtu huyu ainuka na kumfuata mjomba. Je, alitudanganya alipokuwa akijifunza dini? Hapana. Amefuata sheria ile ile aliyoifuata tangu mwanzo: kumtii amtishaye zaidi. Jana Mungu alimtisha zaidi, leo mchawi amtisha zaidi. Kesho labda atakuja mwenye bunduki.

Ndugu, sisi tukaao kando ya njia ya Goma na Rutshuru twalijua jambo hili bila kufundishwa. Tumewaona wenye silaha wakija na wengine wakiondoka, na kila mmoja alitaka tumwogope kuliko yule aliyemtangulia. Mtu wa woga hana bwana mmoja. Bwana wake ni yule aliye na fimbo siku hiyo.

Lakini mzazi ampendaye Mungu afanyaje usiku ule? Haketi bure. Mapendo hayakai bure. Ambeba mtoto mgongoni, ampeleka kwa waganga wa hospitali, na njiani asali, kwa maana ajua kwamba mtoto huyu ni wa Mungu kabla ya kuwa wake. Yeye pia moyo wake watetemeka. Lakini hafuati kutetemeka kwake. Amfuata yule ampendaye. Hilo ndilo jambo kubwa la somo hili: Mkristu hakukatazwa kusikia woga, amekatazwa kuufanya woga kuwa kiongozi wake.

II. Mlima wa moto na Mungu wetu

Wazee wa Rwanda na wa Bwisha yetu walikuwa na desturi ya kumwabudu Ryangombe. Walisimulia kwamba mtu aliyeingizwa katika siri zake angekwenda baada ya kufa katika mlima Karisimbi, mahali pa raha. Lakini asiyeingizwa angetupwa katika moto wa Nyiragongo. Kwa hiyo wengi waliingia, si kwa kumpenda Ryangombe, bali kwa kuuogopa mlima ule ambao mwanga wake mwekundu waliuona kila usiku.

Angalieni basi hatari iliyopo. Mtu aliyelelewa na masimulizi hayo, akisikia habari za Ubatizo na za moto wa milele, aweza kufikiri hivi: Hii nayo ni siri nyingine ya kuniokoa na Nyiragongo, Padri amebadili majina tu. Mtu huyo atapokea maji kichwani, na moyo wake utabaki pale pale ulipokuwa.

Tena, mlima ukiwaka, wengi husema: Mungu amekasirika. Nyiragongo ulipasuka mwaka 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 mawe yaliyoyeyuka yalipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani Kivu. Yaliunguza maduka, nyumba za matajiri na za maskini, na kanisa kuu la Askofu pia likateketea. Je, Mungu alikasirikia nyumba yake mwenyewe? Moto ule hutoka chini ya nchi, kwa maana nchi yetu hapa huvutwa pande mbili na kupasuka polepole. Nyufa zikifunguka, moto hupata njia. Na majivu ya milima hiyo hiyo, yakiisha kupoa na kukaa miaka mingi, huwa udongo mweusi unaotupa maharagi na viazi.

Bwana Yezu mwenyewe aliulizwa juu ya mambo ya namna hiyo. Twasoma katika Injili ya Luka, sura ya 13, kwamba mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 ukawaua. Yezu alikana kabisa kwamba watu hao walikuwa na dhambi kuliko wengine waliokaa Yeruzalemu. Aliwaita wote waliomsikia watubu. Basi mlima ukiwaka, kimbia upesi, msaidie mzee na mgonjwa, mkaribishe aliyepoteza nyumba. Lakini usiseme kwamba Mungu ndiye mlima.

III. Mtumwa na mwana

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristu wa Roma, aliwafundisha kwamba Roho waliyempokea hawarudishi katika woga wa utumwa. Huwafanya wana, naye huwapa uwezo wa kumwita Mungu Baba. Neno hilo tulielewe kwa mfano wa mtu aliyekuwa mtumwa kweli kweli.

Mtakatifu Yozefina Bakhita alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, huko Sudani. Akiwa mtoto mdogo aliibwa na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa mara nyingi sokoni. Mabwana zake walimpiga, wakamchanja mwilini, na makovu hayo alikuwa nayo hata kufa. Alijua vema namna ya kutii kwa woga. Baadaye alinunuliwa na Mwitalia mmoja, akafika Italia. Huko Venezia aliwekwa kwa Masista Wakanosa, naye akawa mkatekumeni kama ninyi. Masista wakamweleza juu ya Mungu, ambaye tangu utoto alikuwa akijiuliza juu yake alipoona jua, mwezi na nyota: ni nani bwana wa vitu hivi?

Mwaka 1889 bibi yake alitaka kumrudisha Afrika pamoja naye. Bakhita akakataa. Shauri likapelekwa mbele ya hakimu, nalo likaamuliwa kwamba yu huru, wala hakuna mtu mwenye haki juu yake. Ndipo, kwa hiari yake, akiwa hana fimbo nyuma yake wala mnyororo mguuni, akaomba Ubatizo, akaupokea tarehe 9 Januari 1890. Baadaye akawa sista, akamtumikia Mungu jikoni, katika kushona na mlangoni mwa nyumba yao, mpaka alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yoane Paulo II alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Tazameni: kazi ya jikoni aliijua tangu utumwa wake. Alipokuwa sista alifanya kazi ile ile. Mikono ni ile ile, maji ni yale yale, kuni ni zile zile. Lakini zamani alitumika kwa sababu ya fimbo, na sasa kwa sababu ya mapendo. Wahenga walisema: Hiari yashinda utumwa. Mungu hataki watumwa zaidi. Watumwa dunia inao wengi. Mungu ataka wana.

IV. Je, woga wote ni mbaya?

Labda mmoja wenu atauliza: Kama ni hivyo, kwa nini Eklezya yatufundisha habari za moto wa milele? Na kwa nini twaambiwa kwamba kumcha Mungu ni paji la Roho Mtakatifu?

Swali hilo ni jema. Eklezya haikufuta mafundisho hayo, wala haiwezi kuyafuta, kwa kuwa yametoka kwa Yezu mwenyewe. Mtu aweza kweli kumkataa Mungu hata mwisho, na kumkosa Mungu milele ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Anayeogopa hasara hiyo haogopi bure. Mtu aliyelala dhambini, woga waweza kumwamsha.

Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliifafanua barua ya kwanza ya Mtakatifu Yoane, pale Mtume afundishapo kwamba mapendo yakikomaa huufukuza woga. Alitumia mfano wa sindano na uzi. Mshonaji hutanguliza sindano, nayo huvuta uzi. Lakini sindano ikibaki ndani ya nguo, uzi hauwezi kupita. Sharti sindano itoke, ili uzi ukae. Woga ni sindano, mapendo ni uzi. Na ninyi mwajua: nguo haishikwi na sindano, hushikwa na uzi.

Tena yuko mwana amwogopaye baba yake kwa sababu ya fimbo. Na yuko mwana amwogopaye baba yake kwa maana hataki kumhuzunisha. Wa kwanza, baba akisafiri, hufanya apendavyo. Wa pili, baba akisafiri, huzidi kuangalia mbuzi na shamba. Woga huu wa pili ni mtoto wa mapendo, nao ndio uitwao kumcha Mungu. Huo tuuombe kila siku.

V. Majuto ya namna mbili

Baada ya Ubatizo mtafundishwa kupokea Sakramenti ya Kitubio. Huko pia mtaona tofauti hii. Mtaguso Mkuu wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba majuto ni ya namna mbili. Majuto kamili ni kuchukia dhambi kwa sababu imemchukiza Mungu tumpendaye. Majuto yasiyo kamili ni kuchukia dhambi kwa sababu ya ubaya wake au kwa kuogopa adhabu. Haya ya pili nayo ni zawadi ya Mungu. Humtayarisha mkosefu apate maondoleo katika Kitubio. Lakini majuto kamili humpatanisha mtu na Mungu hata kabla ya kupokea Sakramenti, maadamu ataka kuipokea. Basi Eklezya haimfukuzi yule ajaye akitetemeka. Yampokea, kisha yamwonyesha njia ya mapendo.

Mtazameni Mtakatifu Petro. Usiku Yezu alipokamatwa, Petro alikuwa akiota moto katika ua wa Kuhani Mkuu. Mjakazi mmoja akamwuliza neno, naye kwa woga akamkana Bwana wake, mara 3. Yezu alipofufuka alimwita kando ya ziwa, penye moto wa makaa na samaki. Angeweza kumwuliza: Je, utaniogopa sasa? Hakumwuliza hivyo. Alimwuliza kama ampenda, mara 3. Petro alipojibu kwamba ampenda, Yezu akamkabidhi kondoo wake. Mtu yule aliyemwogopa mjakazi alikubali baadaye kufa huko Roma kwa ajili ya Kristu. Woga wake ulishindwa na nini? Hakupewa silaha. Alipewa kupenda.

VI. Kijana wa Goma

Ili mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya zamani na ya nchi za mbali, tutaje Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa tarehe 13 Juni 1981, katika mji wetu wa Goma. Alisoma sheria, akawa mmoja wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akawapenda watoto wa njiani, wale tuwaitao maibobo. Aliwatafutia chakula na kuwasaidia wapate kusoma. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani.

Watu wakamletea chakula kilichoharibika, wakataka akipitishe ili kiuzwe sokoni. Wakampa feza, akazikataa. Wakamtisha, akakataa. Alifikiri juu ya wale watakaokila: wangeugua, labda wangekufa, na maskini ndio wanunuao chakula cha bei ndogo. Tarehe 7 Julai 2007 alishikwa na watu, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Mwezi wa Novemba 2024 Papa Fransisko alikiri kwamba aliuawa kwa chuki ya imani. Na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa kuwa Mwenyeheri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo.

Tufikiri sasa. Kama Floribert angeongozwa na woga, angefanyaje? Wenye kumtisha walikuwa karibu, na hukumu ya Mungu ilionekana kuwa mbali. Woga ungemwambia: Weka sahihi, pokea feza, kisha utaungama. Wengi wamefanya hivyo. Lakini mapendo yalimwonyesha uso wa mtoto alaye chakula kile. Mtu awezaye kuuona uso huo hawezi tena kuweka sahihi yake. Alisikia woga, kwa maana alikuwa mtu kama sisi, hakuufuata.

Na kwetu kijijini, jambo ni lile lile kwa kipimo kidogo. Mama auzaye maharagi akipunguza kipimo, polisi hamwoni. Kijana atumwaye kupeleka feza za mwenzake, hakuna ahesabuye njiani. Mume akiwa mbali na mke wake, jirani hawamjui. Woga hulinda pale tu penye macho ya watu. Mapendo hulinda hata gizani.

VII. Namna ya kukua katika mapendo

Huenda mwajiuliza kwa nini mafundisho ni marefu. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba watu wa Afrika watayarishwe kwa miaka 4 kabla ya Ubatizo. Wengine waliona ni muda mrefu mno. Lakini woga huingia moyoni kwa siku moja. Mapendo hukua kama mti. Msiione miaka yenu kuwa hasara. Itumieni hivi:

1. Salini Baba Yetu polepole. Kabla ya kuendelea, simama kwanza katika neno «Baba», ulifikiri.

2. Sikilizeni Injili mkimtazama Yezu: jinsi alivyomgusa mkoma, alivyomlilia Lazaro, alivyowaombea waliomsulibisha. Hatuwezi kumpenda tusiyemjua.

3. Kila siku fanya tendo moja jema lisiloonwa na mtu. Mtekee mjane maji. Mgawie chakula aliyekimbia vita. Usimlipe mabaya aliyekutukana. Usilisimulie.

4. Ukianguka dhambini, usijifiche kama Adamu kati ya miti. Rudi siku ile ile. Mtoto aliyevunja mtungi akikimbia nyumbani, anao mtungi mmoja uliovunjika. Akikimbilia porini, amevunja na nyumba pia.

5. Ninyi wazazi, msiwatishe watoto kwa jina la Mungu. Usimwambie mtoto mlizi: «Nyamaza, Mungu atakuchoma.» Maneno hayo hukaa moyoni miaka mingi. Mwambie: «Mungu akupenda, naye ataka uwe mwema.»

Maswali ya kujiuliza

Sw. Mtu anayeongozwa na woga hukosa nini?
Jb. Hukosa bwana mmoja. Humtii amtishaye zaidi.

Sw. Je, ni dhambi kusikia woga?
Jb. Hapana. Petro alisikia woga, na mashahidi walisikia. Kosa ni kuuacha woga utuongoze tumwache Mungu.

Sw. Je, mlima ukiwaka ni alama kwamba waliounguzwa wana dhambi kuliko wengine?
Jb. Hapana. Yezu alikana neno hilo alipotaja mnara wa Siloamu.

Sw. Kumcha Mungu ni nini?
Jb. Ni woga wa mwana asiyetaka kumhuzunisha Baba yake ampendaye.

Sw. Majuto kamili ni nini?
Jb. Ni kuchukia dhambi kwa sababu ya kumpenda Mungu.

Kazi ya juma hili: kila mmoja atafute mahali pa siri, ajiulize: Kama hakuna mtu anionaye, na kama hakuna anitishaye, je, ningekuja bado kwa Yezu? Akiona kwamba jibu bado ni dogo, asikate tamaa. Aseme sala hii fupi, asubuhi na jioni:

Ee Mungu Baba, nimekuja kwako nikitetemeka. Usinifukuze. Nionyeshe uso wa Mwanao, nipate kukupenda. Na siku ya taabu, atakapokuja anitishaye, Roho wako anishike mkono, nisikuache. Amina.